Lalamiko Kuhusu Nywele Tatu za Mkia wa Johari

Abdulqadir bin Jamaludin,
Mtaa wa Mkomani,
Amu.

Kwa Daktari Hudson,
Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Wanyama na Bioteknolojia,
Chuoni kwenu, huko bara.

KUHUSU: PUNDA WANGU JOHARI, NA BINTI YANGU RUBA

Bwana Daktari,

Assalaamu alaykum. Na ikiwa wewe si katika wenye kuitikia salamu hii, ipokee vivyo hivyo, maana salamu haina hasara kwa mtu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa aibu tu.

Nakuandikia kwa heshima na taadhima. Mimi si mtu wa kupenda mashitaka. Katika miaka yangu sitini na minne nimepeleka malalamiko serikalini mara mbili tu, na zote mbili zilihusu mfereji mmoja wa maji machafu upitao ubavuni mwa nyumba yangu. Mfereji ule bado upo. Lakini hili lako limenifanya niusahau, nawe ujue basi ni zito kiasi gani.

Mbele yangu pana fomu yenu. Yasema kwamba binti yangu Ruba, wa miaka kumi na tisa, amekubaliwa kusomea sayansi ya wanyama na bioteknolojia katika chuo chenu, tena kwa ufadhili. Mzazi atie sahihi, na fomu ifike kwenu kabla ya Ijumaa ya tarehe ishirini, ama nafasi hiyo apewe mwengine. Nimekuja kukuomba umpe huyo mwengine. Sababu zangu ni hizi, nimezipa nambari ili zisipigane ndiani.

1. Kuhusu nywele tatu.

Mwezi wa Mfunguo Tano watu wa mradi wenu walikuja Amu kuchukua nywele za punda. Walisema watoto wa punda wanazaliwa na miguu dhaifu kwa sababu punda wa kisiwani wanazaana jamaa kwa jamaa, na kwamba nywele zikichunguzwa katika maabara itajulikana nani ni ndugu ya nani, ili wenye punda wapate kuchagua. Ruba aliwasaidia kwa kujitolea. Ndiye aliyemng'oa punda wangu Johari nywele tatu za mkia, pamoja na mizizi yake, akazitia katika bahasha ndogo na kuandika jina juu. Johari alirusha teke moja, nami sasa naona alikuwa na akili kunishinda.

Ni kweli niliombwa ruhusa, na ni kweli niliitoa. Lakini, Bwana Daktari, mtu anapomwonyesha mgeni nasaba yake, hamwonyeshi ili akague. Humwonyesha ili mgeni aseme mashaallah, anywe kahawa, aende zake.

Nasaba ya Johari imo katika daka la nyumba yangu, pale mlangoni wanapoketi wageni, ukutani, ndani ya fremu ya kioo. Johari binti Marjani, binti Lulu, binti Almasi, hivyo hivyo vizazi saba, mpaka kufikia punda jike mweupe aliyeletwa kutoka Maskati na babu wa babu yangu. Johari mwenyewe ni wa rangi ya majivu. Watu wakiuliza, huwajibu kwamba weupe wake umo ndani. Hakuna aliyewahi kubisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na chombo cha kutazamia huko ndani. Mmekileta ninyi.

2. Kuhusu kufu.

Huenda huko bara hamlijui jambo hili, kwa hivyo nalieleza. Hapa kwetu mtu haozi binti yake ovyo. Hutazama kufu: mposaji ni nani, babake ni nani, walikaa mtaa gani, waliondoka kwa nini. Nami kwa kuwa napenda mambo yakae sawa, niliona si haki kanuni njema kama hiyo iishie kwa wanaadamu. Johari hakupata kupandwa na dume ila kwa poso. Mwenye dume aliniletea barua ya poso na sahani ya halua, tukanywa kahawa, nikauliza habari za dume, za mamake, na za mizigo aliyopata kubeba. Nikijibiwa vyema, nilitoa idhini.

Kwa miaka saba aliyekidhi masharti ni mmoja tu, Sultani, dume la rafiki yangu Bwana Bakr, asiyebeba kitu chochote duniani isipokuwa Bwana Bakr mwenyewe siku ya Ijumaa. Aliyekataliwa mara tatu ni Saruji. Huyu ni punda wa Bwana Barka wa Matondoni. Hubeba mchanga na mifuko ya saruji, sikio lake moja limekatika, na hulia hata wakati wa hutuba. Mara ya tatu nilimrudishia Bwana Barka halua yake bila kuionja, na kwa harufu ilikuwa halua nzuri.

Kwa upande wa ulinzi sikuzembea. Kila alasiri, mizigo ikiisha, tulimfungulia Johari atembee mjini kama watembeavyo punda wote wa Amu, maana ndiyo desturi ya nti hii tangu jadi, na punda aliyelelewa vyema hujua mipaka yake. Saruji naye, akishateremsha mchanga wake, alifunguliwa saa hizo hizo, katika vichochoro hivyo hivyo. Nimefikiri sana na mpaka leo sioni kosa liliingilia wapi.

3. Kuhusu matokeo.

Matokeo yaliingia katika simu ya Ruba siku ya Jumatano baada ya Alasiri. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimekwisha alika watu. Daka lilijaa, kahawa imemiminwa, na msumari wa fremu ya pili, ile ya cheti cha asili mlichowaahidi wenye punda, nilikuwa nimekwisha kuupigilia. Ruba akasoma.

La kwanza, kwamba Johari hana Maskati hata chembe. Ukoo wake ni ule ule wa punda wa mashambani wa Mbwajumali, wabebao nazi. La pili, kwamba mtoto wa Johari, Kito, mliyempima naye, ambaye miaka saba ya poso haikunipa ila yeye, na ambaye nilimwandika "bin Sultani" kwa wino wa dhahabu, babake ni Saruji. La tatu, kwamba katika punda mia moja na kumi mliowapima hakuna hata mmoja aliyezaliwa na Sultani. Na mwisho, kwa ukatili, mkaongeza kwamba Kito ana miguu imara na afya njema kwa sababu damu yake imechanganyika. Hilo la mwisho nani aliwauliza?

Bwana Bakr aliinuka, akavaa viatu, akaenda zake. Leo ni siku ya tisa hajanisemesha. Asema Sultani ni mwenye haya. Waliobaki walicheka mpaka kahawa ikawapalia, na mmoja akasema mficha uchi hazai. Huyo sitamwalika tena, hata kwenye maziko yangu.

4. Nambari ya nne nalikuwa nimeitayarisha ndefu, nayo yahusu namna Saruji alivyopata ndia ya kuingia uani kwangu, na alikutwa na nani. Mke wangu, Bi Thuwaiba, alikuwa akipita akaisikia, akasema si ya kuandikiwa daktari mwenye heshima zake. Nimeipisha.

5. Kuhusu ukwe nisioutaka.

Bwana Barka sasa aniita mkwe. Hufanya hivyo sokoni, hufanya hivyo gatini, na juzi amefanya hivyo mlangoni mwa msikiti, watu wakitoka: "Mkwe, mjukuu wetu hajambo?" Nilimkumbusha kwa upole kwamba hapakuwa na poso. Akasema alileta mara tatu. Nikamkumbusha kwamba halua niliirudisha. Akasema ni kweli niliirudisha, lakini Johari hakumrudisha Saruji. Hebu niambie wewe uliyesoma, hapo mtu hujibu nini?

Siku ya pili yake akatuma nyumbani kikapu kizima cha kamba, kama wafanyavyo wakwe wenye adabu. Nilitaka kumrudishia. Bi Thuwaiba alikuwa amekwisha kuwamenya. Tulikula kwa huzuni kubwa, na mimi niliongeza mara mbili ili huzuni iishe upesi.

6. Kuhusu kazi.

Mlimwachia Ruba karatasi inayotaja kazi awezazo kuzifanya aliyesomea wanyama. Nimesomewa yote. Ya kwanza ni kutengeneza chakula cha kuku. Ya pili, kukagua nyama machinjioni. Ya tatu, kutunza mayai ya samaki mpaka yaanguliwe. Kuna kutengeneza chanjo, kuna kupima maziwa, na chini kabisa kuna kuwashauri wafugaji juu ya kupe.

Bwana Daktari, mji huu umetoa makadhi. Umetoa mashaha wa mashairi, manahodha, na mafundi wa kuchonga milango ambao wageni huja kuwapiga picha. Haujapata kutoa mshauri wa kupe. Nikiulizwa barazani binti yako yuafanya nini siku hizi, niseme nini? Nikisema yuko na kupe, nani ataniuliza la pili?

Ruba hunikumbusha kwamba mwaka juzi punda kumi na mmoja walikufa kwa tumbo katika wiki mbili, na mji mzima haukuwa na mtu wa kutuambia kwa nini, na mawe ya kujengea yakakaa gatini mwezi mzima kwa kukosa wa kuyabeba. Hilo ni kweli. Lakini silikubali kuwa hoja, kwa sababu laniudhi.

7. Kuhusu mwisho wa mambo haya.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, naomba ukae vizuri. Naambiwa kwamba kwenu huko ng'ombe hupata mimba kwa mrija. Fahali yuko mbali, pengine alikwisha kufa, mbegu zake zimegandishwa katika mtungi wenye baridi kuliko barafu, na ndama huzaliwa mzima, mwenye afya, na jina la babake limo daftarini bila kosa hata moja. La haula! Dume asiyepata kufika hata mlangoni ajulikane, na Sultani aliyekuja kwa poso na halua asijulikane! Ndama wa mrija ana nasaba ya kweli kuliko iliyo ukutani kwangu. Mimi niliyemaliza kahawa kilo ngapi sijui, nimebaki na msumari mtupu.

Na mkishamaliza punda, nani atawazuia? Watafuata paka wa Amu, ambao kila mgeni huambiwa ni wa Misri. Mtawapima, mtakuta ni paka. Baada ya paka ni sisi. Kila nyumba ya Mkomani ina karatasi yake, na kila karatasi yaishia mahali pazuri. Sijapata kuona hata moja iishiayo Mbwajumali. Mkija na bahasha zenu ndogo, huyu ataambiwa babu yake alibeba nazi, yule ataambiwa nyanya yake ni wa Matondoni, na kufika Maulidi mji mzima utaonekana ni ukoo mmoja. Na tukiwa ukoo mmoja, Bwana Daktari, tutamkatalia nani? Kila poso itakubaliwa. Halua italiwa yote. Watu watakuwa hawana la kukaa barazani kulizungumza. Mji wa miaka mamia utakufa kwa nywele tatu.

8. Kuhusu Ruba mwenyewe.

Hili ndilo lililonichoma. Haya mengine yote ningeweza kuyazoea.

Yale matokeo aliyapata yeye kwanza. Nilipomsikia akiurudia mstari mmoja kwa kunong'ona, nikajua kuna baya. Nikamwita ndani, nikamwambia taratibu kwamba watu wamekwisha keti. Kwamba aweza kusema uchunguzi haujakamilika, au, ikiwa hilo ni zito, asome mstari wa punda wa mtu mwengine. Punda ni wengi, nani angejua? Sikumwomba uongo mkubwa. Nilimwomba anisitiri, na mtoto kumsitiri mzazi wake ni wajibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanibusu mkono, akatoka, akasoma kama yalivyo. Hakuongeza wala hakupunguza.

Bwana Daktari, mtoto huyu nimemfundisha kusoma mimi, kabla hajakwenda madrasa wala skuli. Siku ile, Mungu anisamehe, nilitamani angezaliwa mjinga asiyejua alifu wala be. Asante ya punda ni mateke, hilo nalijua tangu utotoni. Ya mtoto wangu sikuwa nimeitarajia. Mtu asiyeweza kubadilisha neno moja kwa ajili ya babake, hata siku ya fedheha yake, hafai kwa kazi yoyote niijuayo katika mji huu.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na yote ni mepesi.

Kwanza, nitumiwe cheti kingine kisemacho: "Johari, asili yake ni ya heshima, uchunguzi waendelea." Na uendelee kweli, usimalizike katika uhai wangu.

Pili, Saruji apimwe tena, mara nyingi kadiri iwezekanavyo, na nywele zitolewe puani.

Tatu, Bwana Bakr aandikiwe barua ya siri ya kumliwaza. Mbegu zisitajwe.

Nne, na hili liandikwe kwa herufi kubwa: NAFASI YA RUBA BINTI ABDULQADIR IFUTWE, APEWE MWENGINE.

Nisalimie wote walio chuoni kwako, walimu, wanafunzi, mabawabu, na ng'ombe wako, wenye baba na wa mrija. Bi Thuwaiba akusalimu. Bwana Barka naye akusalimu, ijapokuwa sikumwambia kwamba nakuandikia. Amesikia tu, kama asikiavyo kila kitu. Johari na Kito hawajambo, wana nguvu tele, nami kila nikiwasikia wakikimbia uani moyo waniuma.

Wa billahi taufiki. Ni mimi, mzazi niliyefedheheshwa kwa njia za kitaalamu,

Abdulqadir bin Jamaludin

Nyongeza:

Mistari hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana yapanda na kushuka. Macho yangu yana mtoto wa jicho tangu mwaka juzi. Barua yote iliyo juu nimeisema kwa mdomo, na aliyeiandika ni Ruba. Nilimchagua yeye kwa makusudi, ili aonje na yeye.

Nilikuwa na hakika ataipunguza makali, hasa nambari ya nane. Nani asingepunguza? Basi asubuhi hii, alipotoka kwenda kumnywesha Johari maji, nikamwita jirani yangu Bwana Mahdi, mwalimu wa madrasa, anisomee polepole. Amesoma yote. Hakuna neno langu lililokosekana. Pale nilipotamani angezaliwa mjinga, pamo. Pale niliposema hafai kwa kazi yoyote, pamo. Pamo hata pale nilipomwomba asome mstari wa punda wa watu, ambapo aibu ni yangu mimi, na ambapo, nakiri, nilitaraji ataruka. Na lile ombi la nne liko kwa herufi kubwa kama nilivyoagiza, zimenyooka. Bwana Mahdi asema kando yake pana tone la maji lililokauka, lakini herufi hazikuguswa.

Bwana Daktari, ile nasaba ya ukutani imeandikwa na wanaume watano wa ukoo wetu, wote watu wa kalamu, na mimi ni wa tano. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika alichokiona. Wa kwanza ni huyu Ruba.

Fomu imo humu ndani, nimekwisha tia sahihi. Bwana Mahdi alinionyesha mstari ulipo. Mpokeeni mwanangu. Mumpe kazi ya kupima na kuandika, iwe ya kupe, iwe ya kuku, sijali tena. Ruba hajui. Bahasha naifunga sasa hivi kabla hajarudi, na ndiye nitakayemtuma nayo posta, naye atakwenda akiamini amebeba barua ya kumfungia mlango. Akitaka, aweza kuitupa baharini pale gatini, na mimi kipofu nisijue kamwe. Sina wasiwasi. Itafika kabla ya Ijumaa.